Kutafuta kazi nyingine ukiwa bado kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hatari ya kufukuzwa

Nimekaa miaka mingi ofisi ya rasilimali watu, upande ule wa meza ambao watu hawapendi kuitwa. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa kwenye korido, kwenye ngazi, na mara nyingi kwa simu usiku, kwa sauti ya chini. Utaona jambo moja linajirudia katika majibu yangu: niliowaona wakiponzwa, wengi hawakuponzwa na kutafuta kazi. Waliponzwa na kitu walichokifanya wakiwa wanatafuta, au na alama walizoziacha nyuma.

Je, mwajiri anaweza kunifukuza kwa sababu tu natafuta kazi kwingine?

Inategemea uko chini ya sheria gani. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka mtu asiachishwe kazi bila sababu halali inayohusu uwezo wake, mwenendo wake au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli za mwajiri. Kama hoja ni mwenendo au utendaji, apewe kwanza nafasi ya kujitetea. Sasa jaribu kuingiza kutuma maombi ya kazi katika moja ya sababu hizo tatu. Ni vigumu. Si nchi zote zilizouridhia mkataba huo, lakini wazo lake limo katika sheria nyingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 zote mbili zinadai sababu halali pamoja na utaratibu wa haki. Ya Kenya inaenda mbali zaidi katika makosa ya mwenendo na utendaji: mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wakati wa maelezo hayo.

Uingereza, mwaka 1973, mahakama ya mahusiano ya kazi ya wakati huo ilitoa uamuzi unaotajwa mpaka leo: kuomba kazi hata kwa mshindani wa mwajiri wako hakutoshi kuwa sababu ya kukufukuza, isipokuwa kuna msingi wa maana wa kuamini kwamba unakwenda kutumia vibaya siri za kampuni.

Marekani ni habari nyingine. Huko ajira nyingi ni za ridhaa ya pande zote mbili: mwajiri anaweza kukuachisha leo bila kutaja sababu, mradi tu asiwe anakuadhibu kwa jambo ambalo sheria imelikataza, kama rangi au dini. Kutafuta kazi hakumo katika orodha hiyo ya makatazo. Montana ndilo jimbo lililojitenga, kwa sheria ya mwaka 1987 inayotaka sababu ya msingi baada ya kipindi cha majaribio kuisha.

Kwa hiyo "anaweza?" ina majibu mawili. Kisheria, sehemu nyingi, hapaswi. Kwa vitendo anaweza kukufukuza asubuhi, halafu ikawa kazi yako kwenda kudai. Watu husahau jibu la pili.

Bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Kuna tofauti?

Kubwa. Mkataba huo huo wa 1982 unaziruhusu nchi kuwaacha nje wafanyakazi walio katika majaribio. Tanzania, kwa mfano, ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumhusu mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Ukiwa katika kipindi hiki, usiri ni muhimu maradufu.

Hivi bosi anajuaje?

Hapa ndipo penye mambo.

Nianze na langu. Nilipokuwa kijana nilichapisha CV yangu kwenye printa ya ofisi saa ya chakula cha mchana, nikidhani watu wote wametoka. Karatasi ikakwama. Nikabonyeza, nikafungua kifuniko, nikavuta, ikatoka iliyochanika nusu, nikaondoka nayo nikiwa nimeridhika kabisa. Printa ilikuwa imeikumbuka kazi ile. Mtu wa kwanza kuchapisha mchana alipata kurasa mbili zake na mbili zangu, na jina langu juu kwa herufi nzito. Alinirudishia akiwa amezikunja mara nne, akaziweka chini ya kikombe changu, asiseme neno. Nilikuwa na bahati ya kupata mstaarabu.

Njia nyingine ninazozijua kwa kuziona:

Mavazi. Mtu wa fulana na raba anakuja Jumatano amevaa suti, anatoka saa nne "benki mara moja". Ofisi nzima inajua.

Kalenda ya pamoja. Umeandika "simu, binafsi" saa tatu, wiki tatu mfululizo, na msimamizi anaiona.

Wasifu wa mtandaoni. Mtu ambaye hajaugusa ukurasa wake wa LinkedIn miaka minne anabadilisha picha, anaongeza ujuzi kumi na mbili, anaomba watu watano wamwandikie sifa, yote usiku mmoja. Kuna mpangilio wa kuwaonyesha waajiri tu kwamba uko tayari kuhama. LinkedIn wenyewe husema wanajitahidi kuwaficha taarifa hiyo waajiri wa kampuni yako, lakini hawakuhakikishii usiri kamili. Ukiboresha ukurasa, boresha kidogo kidogo, na uzime kwanza arifa zinazowatangazia watu wako kila badiliko.

Tangazo lisilo na jina la mwajiri. Hili hunihuzunisha kila nikilikumbuka. Kampuni hutangaza nafasi kupitia wakala, ikajiita "taasisi inayokua kwa kasi". Niliwahi kufungua rundo la maombi yaliyotoka kwa wakala wa aina hiyo nikakuta ya mtu aliyekaa meza ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa ameomba kazi kwetu bila kujua, na katika barua yake alieleza kwa nini mahali alipo hapamfai. Tangazo likificha jina, muulize wakala kwanza ni sekta gani, ni nani mteja, na umwambie waziwazi ni kampuni zipi CV yako isifike.

Na mwisho, mtu uliyemwambia.

Nimwambie mwenzangu mmoja ninayemwamini?

Hapana. Sisemi ni mbaya. Ila siku akiulizwa ghafla, uso wake utajibu kabla ya mdomo.

Natumia kompyuta ya ofisi, lakini barua pepe ni yangu binafsi. Si salama?

Si salama. Kifaa ni cha mwajiri, mtandao ni wa mwajiri, na kwenye kampuni nyingi kuna programu inayorekodi tovuti zilizofunguliwa. Simu ya ofisi ni hivyo hivyo. Hata simu yako mwenyewe, kama imeunganishwa kwenye intaneti ya ofisi, inaonyesha majina ya tovuti unazozitembelea hata kama haionyeshi ulichoandika humo.

Kuna shauri la Romania linalofaa kujulikana. Mhandisi mmoja alifukuzwa mwaka 2007 kwa kutumia akaunti ya ujumbe ya ofisi kuwasiliana na ndugu yake na mchumba wake, baada ya mwajiri kufuatilia mazungumzo yake na kuyatoa kwenye karatasi. Hakuwa anatafuta kazi, lakini hoja ni ile ile. Alishindwa katika mahakama za nyumbani, akaenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, akashindwa kwanza huko pia, na hatimaye Septemba 2017 jopo kubwa likasema faragha yake haikulindwa: mahakama za nchi yake hazikuchunguza kama alikuwa ameonywa mapema kwamba atafuatiliwa na kwa kiwango gani. Alishinda. Hesabu miaka: 10.

Mimi hulisoma shauri hilo kwa namna mbili. Mwajiri hana ruhusa ya kuchungulia kila kitu bila kukuarifu. Na wewe huna haja ya kumpa cha kuchungulia. Tumia kifaa chako, data yako, nje ya saa za kazi. Soma pia sera ya matumizi ya vifaa uliyosaini siku ya kwanza bila kuisoma, kwa sababu ndiyo itakayonukuliwa kwenye barua yako.

Usaili umepangwa saa za kazi. Nisingizie naumwa?

Hapa ndipo nilipoandika barua nyingi za kuachisha kuliko sehemu nyingine yoyote. Kutafuta kazi si kosa, lakini kudanganya kuhusu ugonjwa ni kosa, kughushi cheti cha daktari ni kosa kubwa zaidi, na kutoroka kazini ni kosa la tatu. Mwajiri aliyekasirika hahitaji kukufukuza kwa kutafuta kazi. Umeshamkabidhi sababu iliyo safi kuliko hiyo.

Chukua likizo yako ya mwaka, siku moja au nusu siku. Ukiulizwa sababu, "nina jambo langu binafsi" ni jibu kamili na la kweli, huna haja ya kumuua shangazi. Waombe wanaokusaili wakupe saa ya asubuhi sana au jioni, wengi wanakubali, na usaili wa kwanza siku hizi mara nyingi ni wa video. Panga saili mbili siku moja ukiweza. Na ukitoka kwenye usaili wa video, usirudie kazi ukiwa na tai.

Pembeni kidogo: Ujerumani, mara notisi ikishatolewa, sheria ya kiraia inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi muda wa kutosha wa kutafuta kazi nyingine. Huwa natamani waajiri wote wangelijua hilo.

Mwajiri mpya anataka majina ya wadhamini, pamoja na bosi wangu wa sasa.

Andika kwenye fomu, karibu kabisa na jina lake: "Tafadhali msiwasiliane naye kabla ya kunipa ofa." Ni ombi la kawaida, ofisi yoyote inayojiheshimu huliheshimu. Bora zaidi, mpe jina la bosi wa zamani, au mtu mliyefanya naye kazi ambaye ameshahama. Ukisikia wamepiga simu kwa bosi wako bila kukuuliza, hiyo ni taarifa nzuri kuhusu jinsi watakavyokutendea ukiwa mtu wao.

Tatizo liko kwenye fani ndogo, ambako wakuu wa idara wanajuana wote. Hapo hakuna fomu inayosaidia. Unachoweza ni kumwambia anayekusaili, kwa mdomo na mapema, kwamba mwajiri wako hajui, na kumwomba suala hili libaki kati yenu.

Bosi ameniita, kafunga mlango, kaniuliza: "Unatafuta kazi?" Nimjibu nini?

Usikurupuke. Swali hili lina matoleo mawili: anayeuliza kwa sababu anajua, na anayeuliza kwa sababu anahisi. Kwa sekunde zile za kwanza huwezi kuwatofautisha, na uongo wa moja kwa moja, ukija kugundulika, hugeuzwa kuwa hoja ya kukosekana kwa uaminifu. Huo unaweza kukufukuzisha mahali ambapo utafutaji wenyewe usingeweza.

Jibu ambalo nimeona likifanya kazi ni kama hili: "Bosi, sijajiuzulu na sina mpango wa kuiacha kazi yangu njiani. Ila kuna mambo ya nafasi yangu hapa ningependa tuzungumze, kama una muda." Hujakana, hujakiri, na umemrudishia mazungumzo. Kama una dukuduku la kweli, la mshahara au la cheo, hapo ndipo pa kulitoa. Nimewaona watu wakitoka kwenye chumba kile na nyongeza. Sio wengi.

Akikuwekea ushahidi mezani, acha kuzungukazunguka. "Ndiyo, nimeangalia nafasi kadhaa. Kazi yangu haijalegea." Halafu nyamaza. Ukirudi mezani kwako, andika tarehe, saa, aliyekuwepo na kilichosemwa, kwenye daftari lako la nyumbani.

Ninakotaka kwenda ni kwa mshindani. Hatari inaongezeka?

Inaongezeka, ila si kwa sababu ya jina la kampuni. Inaongezeka kwa sababu ya unachobeba. Orodha ya wateja uliyojitumia kwenye barua pepe binafsi, bei za zabuni, michoro, faili ulilonakili kwenye flashi "kwa kumbukumbu": hivyo ndivyo vinavyogeuza utafutaji wa kazi kuwa kosa, na wakati mwingine kuwa kesi. Kuwanong'oneza wateja kwamba unahama na waje nawe, ukiwa bado unalipwa na mwajiri wako, ni hivyo hivyo.

Kwenye usaili utachokozwa: "Huko kwenu mnafanyaje hili?" Eleza ujuzi wako, usieleze siri zao. Anayekusaili naye anakupima kama utamtunzia zake.

Tafuta pia kifungu cha kutofanya kazi kwa mshindani kwenye mkataba wako. Nguvu yake inatofautiana sana. California vifungu hivyo, isipokuwa kwa mambo machache kama uuzaji wa biashara, ni batili tangu sheria ya 1872. Kwingine mahakama huangalia kama muda, eneo na aina ya kazi iliyokatazwa ni vya busara. Usikisie. Mwonyeshe mwanasheria au chama chako kabla hujasaini kwingine.

Nahisi wameshajua. Dalili za kuandaliwa kufukuzwa ni zipi?

Maonyo ya maandishi kwa mambo ambayo jana yalikuwa ya kucheka. Unatolewa kwenye mradi bila maelezo. Unaombwa kumfundisha mtu kazi yako yote "ikitokea umepata likizo". Ruhusa zako za kuingia kwenye mifumo zinapungua. Kikao na msimamizi kinapata mgeni: mtu wa ofisi yangu, ameshika faili.

Dalili moja haisemi kitu. Tatu kwa mwezi mmoja, jiandae. Fika kwa wakati, jibu kila onyo kwa maandishi na kwa adabu, hifadhi nyumbani nakala za vitu vilivyo vyako: mkataba, hati za mshahara, tathmini za utendaji, barua za pongezi. Namba za watu wako binafsi zitoe kwenye simu ya ofisi. Nyaraka za kampuni ziache hapo hapo zilipo.

Si afadhali niache kwanza, nitafute nikiwa huru?

Wahenga walikataza kuacha mbachao kwa msala upitao, na hapo walizungumzia msala unaoonekana. Wewe hata huo hujauona. Kuacha mwenyewe kunaweza kukukosesha malipo ambayo ungepata ukiachishwa, na kwenye mazungumzo ya mshahara mtu asiye na kazi hupokea ofa ya kwanza. Isipokuwa kama kazi inakuumiza mwili au akili, au unalazimishwa kufanya jambo la kihalifu. Hapo ondoka.

Hata ofa ikija, soma masharti. "Tumefurahi kukujulisha umefaulu" kwa simu si ofa. Ofa ni barua yenye cheo, mshahara, tarehe ya kuanza na saini. Mara nyingi inakuwa na mstari mdogo unaosema itategemea uchunguzi wa wadhamini, vyeti au afya. Subiri hayo yaishe. Nimeshampokea mtu aliyerudi kuomba barua yake ya kujiuzulu irudishwe kwa sababu ofa ya kwingine ilifutwa, na nafasi yake ilikuwa imeshatangazwa.

Nimefukuzwa kweli. Nianzie wapi leo?

Usisaini chochote hapo hapo, hasa karatasi inayosema umejiuzulu kwa hiari yako. Sema unaomba muda wa kuisoma. Omba sababu kwa maandishi. Omba hesabu ya stahili zako: siku ulizofanya kazi, likizo ambazo hukuchukua, malipo badala ya notisi kama hukupewa notisi, na cheti cha utumishi.

Kisha angalia kalenda, kwa sababu muda wa kulalamika huwa mfupi kuliko watu wanavyodhani. Tanzania, malalamiko ya kuachishwa isivyo haki yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Watu wengi huzitumia hizo siku kulala na kukasirika. Nenda kwa chama cha wafanyakazi, ofisi ya kazi au mwanasheria wiki ya kwanza.

Na wale waliokuwa wanakusaili wapigie. Mchakato ulioanza ukiwa kazini haufutiki kwa sababu umeachishwa. Ukiulizwa, jibu kwa sentensi mbili: "Mwajiri wangu aligundua ninatafuta nafasi nyingine, tukaachana tarehe fulani. Ninaweza kuanza mapema." Usimseme vibaya bosi wako, hata kama anastahili.

Nimeshasaini kwingine. Siku ya kutoa notisi bado naweza kutolewa nje?

Unaweza, na wala haimaanishi umekosea. Kampuni nyingi, hasa kwenye fedha, mauzo na teknolojia, humwambia mtu aende nyumbani siku hiyo hiyo, akilipwa notisi yake bila kufanya kazi. Kwa hiyo siku moja kabla, chukua picha ya watoto mezani, koti nyuma ya mlango, chaja. Kabidhi barua yenye tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri au iliyosainiwa na aliyeipokea, na uwe na nauli ya kurudi nyumbani kabla ya saa sita.